Mganga Hajigangi: Kwa Nini Magazeti Hujitangaza kwa Mzaha

Gazeti huishi kwa kuwauzia wengine nafasi ya kujisifu. Kila siku hupanga kurasa za benki, za watengenezaji wa sabuni, za vyama vya siasa, za waajiri wanaotafuta wafanyakazi na za wapangaji wanaotafuta nyumba, na katika kila ofisi ya gazeti wapo watu ambao kazi yao yote ni kupokea matangazo na kuyatoza ada. Ungedhani biashara inayoshinda na kukesha na matangazo ingekuwa hodari kuliko zote katika kujitangaza yenyewe. Lakini mganga hajigangi. Zamu ya gazeti inapofika ya kusimama sokoni na kusema "ninunueni mimi", hushikwa na kigugumizi. Na ukiyachunguza matangazo ya magazeti ambayo watu wameendelea kuyakumbuka miongo mingi baada ya kubanduliwa, utakuta kwamba mengi kati yake yalikitibu kigugumizi hicho kwa dawa moja, nayo ni mzaha.

Chanzo cha jambo hili ni hulka ya bidhaa yenyewe. Sabuni ya leo ndiyo ya kesho, kwa hiyo anayeitangaza anaweza kuisifu kwa utulivu: harufu yake, povu lake, bei yake. Gazeti la leo si la kesho. Mtunzi wa bango litakalokaa kando ya barabara kwa miezi mitatu hajui ni habari gani zitakuwamo gazetini siku bango litakapobandikwa, sembuse siku litakapobanduliwa; anatangaza kitu ambacho bado hakijakuwapo, na ambacho kikishakuwapo kitachakaa kabla ya jua kutua. Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi. Mwenye sabuni akisema sabuni yake haina mfano duniani, hakuna anayemdai ushahidi, kwa kuwa sote tumezoea kwamba mfanyabiashara hupiga chuku. Gazeti halina ruhusa hiyo. Linachouza ni kuaminika, na likipiga chuku katika tangazo lake, msomaji ana haki ya kujiuliza kama halipigi chuku katika ukurasa wa mbele pia. Likisema "sisi ndio wakweli", swali linalofuata ni "nani kasema?", na jibu ni kwamba limesema lenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sidhani kama ipo bidhaa ambayo methali hiyo huiuma kama gazeti.

Hapo ndipo mzaha unapoingia kwa mlango wa uani. Mzaha ni kauli ambayo msemaji na msikilizaji wamekubaliana, bila kuandikiana mkataba, kwamba isichukuliwe neno kwa neno. Kwa hiyo gazeti laweza kujisifu ndani yake bila kusema uongo. Tena mzaha mzuri huachwa nusu. Msemaji hutoa kipande kimoja na msikilizaji hutoa cha pili, kama ilivyo katika kitendawili, na aliyekitegua hujiona mwerevu na humpenda kidogo yule aliyemtegea. Kwa muuza sabuni hilo ni pambo tu. Kwa gazeti ni karibu sawa na bidhaa yenyewe, kwa kuwa mtu hununua gazeti akitaka kuwa, au walau kuonekana, mtu anayeelewa mambo.

Ili kuona uzito wa dawa hiyo, ni vyema kuanza na mtu aliyejaribu kujisifu bila kuitumia. Adolph Ochs alilinunua The New York Times mwaka 1896, wakati ambapo gazeti hilo lilikuwa taabani kifedha na mitaa ya New York ilitawaliwa na magazeti ya Joseph Pulitzer na William Randolph Hearst, yaliyouza kashfa na damu kwa vichwa vya habari vilivyopiga kelele. Ochs alitaka kusema kwamba lake ni gazeti la watu wenye heshima zao. Alichagua maneno ambayo kwa Kiswahili ni "habari zote zinazofaa kuchapishwa", akayaweka kwenye bango la taa za umeme katika eneo la Madison Square, kisha akatangaza shindano: atakayetunga kauli bora kuliko hiyo, isiyozidi maneno kumi, atapewa dola 100. Mshindi alipatikana na zawadi ililipwa, ila Ochs alibaki na maneno yake, ambayo tangu Februari 1897 yamekaa katika ukurasa wa mbele. Shindano lenyewe lilikuwa la kijanja, kwa kuwa liliwafanya watu wakae wakitafuta maneno ya kulisifu gazeti ambalo pengine wengi wao hawakuwa wakilinunua. Kauli yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na uso mkavu, na uso mkavu hualika kidole. Vizazi vya waandishi wa habari vimeigeuza kwa kuichezea kidogo tu, ikawa "habari zote zilizopata nafasi ya kuenea", na kila aliyewahi kuona mhariri akikata aya tatu za mwisho ili tangazo la viatu lipate pa kukaa anajua kwamba kejeli hiyo ina ukweli kuliko kauli iliyokejeliwa. Gazeti lisipojifanyia mzaha lenyewe, kuna watu watakaolifanyia, tena bila malipo.

The Economist la Uingereza halikungoja kufanyiwa. Chombo hiki kilichoanza mwaka 1843 hujiita gazeti hadi leo, ingawa hutoka mara moja kwa juma na kina umbo la jarida. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtunzi wa matangazo David Abbott, wa kampuni ya Abbott Mead Vickers, alilitengenezea mabango mekundu yenye maandishi meupe na yasiyo na picha yoyote. Linalotajwa zaidi kati ya hayo lilikuwa na sentensi moja ndani ya alama za kunukuu: "Mimi sisomi The Economist kamwe." Chini yake alitajwa msemaji: mwanagenzi wa menejimenti, umri miaka 42.

Bango hili linastahili kutazamwa polepole, kwa maana ndani ya maneno yake machache mna karibu kila kitu kinachofanya matangazo ya aina hii yafanye kazi. Sentensi ya kwanza inashtua, kwa kuwa gazeti limelipa fedha ili kumpa jukwaa mtu anayelikataa. Kwa nukta moja au mbili unaweza hata kumheshimu mtu huyo kwa ujasiri wake. Kisha unafika kwenye cheo chake, na bado hakuna ubaya, kwa sababu kila meneja alianza kwa kuwa mwanagenzi. Ni umri unaobomoa nyumba nzima. Mtu wa miaka 42 ambaye bado anafundishwa kazi inayofundishwa vijana waliotoka chuoni juzi amekwama mahali fulani, na sasa unajua, au unadhani unajua, kwa nini amekwama. Badilisha 42 iwe 22 na mzaha utakufa papo hapo. Weka umri kabla ya cheo na utakuwa umeufunua mapema mno. Cha kuangaliwa zaidi ni yale ambayo bango halikuyasema. Halikuahidi kwamba msomaji atapandishwa cheo, ahadi ambayo ingekuwa ya uongo na ambayo mtu angeweza kuidai takwimu. Halikumwita asiyesoma mjinga, bali alijisema mwenyewe kwa kinywa chake. Hesabu yote imeachiwa mpita njia, na kwa kuwa ameifanya kwa kichwa chake mwenyewe, hana wa kubishana naye.

Mfululizo huo wa mabango mekundu uliendelea kwa miaka mingi na ulifika mahali pa kuchezea hata kitu ambacho bango limebandikwa. Juu ya mapaa ya mabasi, mahali ambapo mtembea kwa miguu hawezi kupaona, yaliandikwa maneno ya kuwasalimu wasomaji wote walio katika ofisi za juu, na ni bahati njema kwamba mchezo huo wa maneno unaingia katika Kiswahili bila kuchechemea, kwa kuwa kwetu pia "juu" ni ghorofa na ni cheo. Baadaye likaja bango lenye balbu kubwa isiyo na maelezo, ambayo iliwaka kila mtu alipopita chini yake. Nakiri kwamba nina kinyongo kidogo na mfululizo huu wote, pamoja na ustadi wake. Unauza gazeti kama ngazi, na ngazi huwa na maana tu ikiwa kuna watu walioachwa chini. Asiyeuelewa mzaha ndiye kiungo cha mzaha. Lakini hiyo ndiyo namna moja ya kulikwepa tatizo la bidhaa inayobadilika kila siku: ikiwa huwezi kuitangaza habari ya kesho, mtangaze atakayeisoma.

Njia hiyo hiyo ilifuatwa Ujerumani kwa upole zaidi. Frankfurter Allgemeine Zeitung lilikuwa kwa muda mrefu na kaulimbiu isemayo kwamba nyuma yake daima kuna kichwa chenye akili, na mwaka 1995 kampuni ya matangazo ya Scholz & Friends iliichukua kauli hiyo kama ilivyo na kuipiga picha. Watu mashuhuri, kuanzia wanasiasa hadi wasanii, waliketi mahali palipohusiana na kazi zao huku wamefunua gazeti mbele ya nyuso zao, hata usiwaone. Kwa kawaida mtangazaji akifanikiwa kumpata mtu mashuhuri humtoa uso wote mbele, maana ndicho alichokilipia. Hapa uso umefichwa, na mtazamaji anabaki akikisia kutokana na mikono, viatu na mandhari, kisha anasoma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo. Nchini Uingereza, gazeti la The Independent, ambalo jina lake maana yake ni huru, liliingia sokoni Oktoba 1986 na swali fupi kutoka kampuni ya Saatchi & Saatchi: lenyewe liko huru, wewe je?

Si kila tangazo la kijanja linachekesha, na mengine hutumia umbo la mzaha bila kicheko chake. Mwaka huo huo wa 1986, The Guardian lilionesha kwenye televisheni filamu fupi isiyo na rangi, iliyotungwa na John Webster wa kampuni ya Boase Massimi Pollitt. Kijana aliyenyoa kipara anakimbia mtaani, na inaonekana anakimbia kitu. Tunamwona tena kutoka upande mwingine, na sasa anamvamia mwanamume aliyebeba mkoba, bila shaka ili kumpora. Mara ya tatu kamera iko mbali na juu, na tunaona kile ambacho tulikuwa tumenyimwa: shehena ya matofali inamwangukia mwenye mkoba, na kijana amekimbia ili kumsukuma aokoke. Huo ni ujenzi wa kichekesho hasa, wa kumwelekeza msikilizaji kulia kisha kumtokea kushoto, isipokuwa kwamba mwisho wake mtazamaji hacheki bali anajionea haya. Gazeti halikujisifu hata kwa neno moja kuwa ni adilifu. Lilimfanya mtazamaji ahukumu kwa haraka, likamwonesha kosa lake, na likatia sahihi yake.

Mwaka uliofuata, nchini Brazil, gazeti la Folha de S.Paulo lilikwenda mbali zaidi kwa tangazo la kampuni ya Washington Olivetto. Skrini inaonesha nukta nyeusi tu, zile zinazounda picha za magazeti ukizitazama kwa karibu sana. Sauti tulivu inaorodhesha mafanikio ya mtu asiyetajwa jina: aliichukua nchi iliyovunjika, akaufufua uchumi wake, akawarudishia watu wake fahari, akapunguza idadi ya wasio na ajira kutoka milioni 6 hadi 900,000. Kadiri sauti inavyoendelea, kamera inarudi nyuma, nukta zinasongamana, uso unaanza kujitokeza, na pale orodha inapofika mwisho unajikuta ukitazamana na Hitler. Kisha inakuja sentensi moja: inawezekana kusema lundo la uongo kwa kusema ukweli mtupu. Sijui tangazo jingine la gazeti lililoieleza kazi ya uhariri kwa usahihi kama hili, kwa sababu makosa mengi ya magazeti hayamo katika kilichosemwa bali katika kilichochaguliwa kusemwa. Kaulimbiu ya mwisho ilikuwa mchezo wa maneno: hili ndilo gazeti linalonunuliwa kuliko yote, na ambalo halijiuzi kamwe. Mhenga aliyesema kizuri chajiuza angelazimika kufikiri tena.

The Guardian lenyewe lilirudi kwenye wazo lake la mtazamo mwaka 2012, safari hii likicheka waziwazi. Kampuni ya BBH ilichukua ile hadithi ya watoto ya nguruwe watatu na mbwamwitu na kuiripoti kana kwamba ni habari ya leo. Polisi wanavamia nyumba ya nguruwe wanaotuhumiwa kumchemsha mbwamwitu akiwa hai. Umma kwanza unawatetea kwa kuwa walilinda mali yao, kisha inafichuka kwamba mbwamwitu alikuwa na pumu na asingeweza kupuliza nyumba ikaanguka, kisha inafichuka kwamba nguruwe walishindwa kulipa mkopo wa nyumba na walitaka fedha za bima, na mwishowe watu wanaingia barabarani kuandamana dhidi ya mabenki. Kila hatua inabadilisha nani wa kuhurumiwa. Kicheko kinatokana na uzito wa sura: ripota, mchoro wa kompyuta unaopima nguvu ya pumzi, mjadala mtandaoni, vyote vikitumika kwa jambo ambalo kila mtu anajua halikutokea.

Hadi hapa gazeti limejichezea lenyewe au limemchezea msomaji. Hatari huanza linapomchezea jirani. Huko Chennai nchini India, The Hindu, gazeti la tangu 1878 lenye sifa ya utulivu, lilijikuta linashambuliwa na The Times of India, lililokuwa limeingia mjini na matangazo ya kuwauliza watu kama wamechoka na habari zinazowalaza usingizi. Mwaka 2012 The Hindu lilijibu. Katika filamu zake, vijana wanaulizwa maswali ya kawaida ya maarifa ya jumla na kila mmoja anababaika. Wanaulizwa jambo la udaku kuhusu waigizaji wa sinema, nao wanajibu wote bila kusita. Mwisho wanaulizwa wanasoma gazeti gani, na jibu linafunikwa kwa mlio, ila midomo yao haikufunikwa. Kaulimbiu iliwataka watu watangulie mbele ya nyakati, na kwa kuwa neno lililotumika kwa "nyakati" ndilo jina la mpinzani, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Aliyeitwa msinzifu hakukana usinzifu wake. Alionesha tu yaliyowapata walio macho.

Ujerumani jambo kama hilo lilifika mahakamani, na kesi yake ni ya thamani kwa yeyote anayetaka kujua mpaka wa mzaha uko wapi. Gazeti dogo la Berlin liitwalo taz lilitengeneza tangazo la sinema lililopigwa katika kibanda cha magazeti. Mteja anafika na kumwambia muuzaji, "Kalle, nipe gazeti." Hasemi gazeti gani, kwa kuwa kwake yeye na kwa Kalle gazeti ni moja tu, nalo ni Bild, gazeti la umma mkubwa lenye picha na vichwa vya habari vikubwa. Kalle anamwambia limekwisha na kumsukumia taz, na mteja anaduwaa asijue ameshika nini. Katika kipande cha pili mteja yule yule anafika na kuomba taz. Sasa ni Kalle anayeduwaa. Wanatazamana, kisha wote wawili wanaangua kicheko, maana lilikuwa ni dhihaka tu, na Bild linatolewa kama kawaida. Maandishi ya mwisho yanasema kwamba taz si ya kila mtu, na kwamba hilo halina neno.

Wachapishaji wa Bild walishtaki, wakidai kwamba wasomaji wao wameoneshwa kuwa mbumbumbu, na mahakama za Hamburg ziliwapa ushindi. Tarehe 1 Oktoba 2009 mahakama ya juu ya rufani ya Ujerumani katika kesi za madai iliupindua uamuzi huo. Hoja yake, kwa kifupi, ilikuwa kwamba matangazo ya kulinganisha bidhaa huruhusiwa kuwa na kejeli na vichekesho, kwamba mtu wa kawaida anayelitazama tangazo hili anatambua kuwa ni chuku ya kuchekesha iliyokusudiwa kuvuta macho, na kwamba mpaka unavukwa tu pale mpinzani anapofanywa kitu cha kudhihakiwa na kudharauliwa. Ukiitazama vizuri, mahakama ilikuwa imeandika kwa lugha ya sheria jambo lile lile tulilolianza nalo: mzaha ni kauli ambayo hakuna aliyekubali kuichukua neno kwa neno. Naongeza kwamba taz lilisaidiwa na jinsi lilivyojidharau lenyewe, kwa kuwa katika vipande vyote viwili gazeti ambalo halitakiwi na mtu ni lake.

Bild nalo halikuwa geni katika mchezo huu. Kaulimbiu yake inatumia jina lake, ambalo maana yake ni picha, kama kitenzi cha kuamuru, ikawa inamwambia msomaji ajijengee maoni yake. Lilikuwa pia na mfululizo wa matangazo uliowaomba watu mashuhuri waseme wazi wanalionaje, hata kama ni kwa ubaya. Mwaka 2011 mwanamuziki Judith Holofernes wa bendi ya Wir sind Helden alipoombwa, alijibu kwa barua ya hasira ya kukataa na kuitangaza hadharani. Bild liliichukua barua hiyo, iliyolitukana, na kuinunulia ukurasa kama tangazo lake katika gazeti la taz, nalo taz likalichapisha. Sijui ni nani aliyemshinda mwenzake hapo, na pengine ndiyo maana kisa hicho bado kinasimuliwa.

Ipo namna nyingine ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni pale ambapo mzaha haumo katika maneno bali katika kitu kilichobeba maneno. Nchini Sri Lanka mwaka 2014, gazeti la Mawbima lilichanganya wino wake na mafuta ya mmea wa jamii ya mchaichai yanayofukuza mbu, ili msomaji asiumwe wakati akisoma kuhusu homa ya dengi. Lakini kisa cha kale zaidi ni cha Edward Lloyd, mchapishaji wa London. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 aligundua kwamba kuna karatasi moja ambayo hakuna mtu anayeitupa, nayo si karatasi bali ni sarafu. Alipata mashine ya kugonga maneno juu ya sarafu za shaba, akazigonga tangazo la gazeti lake la kila juma, kisha akaziachia ziende zao sokoni. Kila aliyerudishiwa chenji alirudishiwa tangazo, na hakuwa na namna ya kuliondoa ila kumpa mwingine. Serikali haikufurahi, na mwaka 1853 ikapitishwa sheria ya kukataza kuziharibu sarafu za nchi. Kabla karne haijaisha, gazeti la Lloyd lilikuwa limevuka nakala milioni moja.

Zaidi ya miaka 150 baadaye fedha zilibeba tangazo la gazeti kwa mara nyingine, lakini kwa maana iliyopinduka kabisa. The Zimbabwean lilianzishwa mwaka 2005 na Wilf Mbanga, mwandishi aliyekuwa akiishi uhamishoni, na lilihaririwa nje ya nchi na kuingizwa Zimbabwe. Serikali ililitoza ushuru wa bidhaa za anasa, kana kwamba habari ni manukato, na bei yake ikawashinda wale wale lililokusudiwa. Gazeti lilihitaji wasomaji wa nje wenye uwezo wa kulinunua, na mwaka 2009 kampuni ya TBWA\Hunt\Lascaris ya Johannesburg ililitafutia njia. Wakati huo dola ya Zimbabwe ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba kulikuwa na noti ya dola trilioni 100, yenye sifuri 14 zilizopangwa kama foleni, na ambayo isingetosha kununulia mkate. Watunzi walizikusanya noti hizo, wakachapa juu yake maneno meusi yaliyosomeka wazi, wakazigawa mitaani kama vipeperushi na kuzibandika kando kando hadi zikajaza mabango na kuta. Moja ya kauli zake ilisema kwamba, kwa hisani ya Mugabe, fedha hizi sasa ni karatasi za kupamba ukuta. Nyingine ilisema kwamba dola milioni 250 haziwezi kununua karatasi ya kuchapia bango hili.

Kauli hiyo ya pili haikuwa chuku. Watangazaji wote duniani hulalamikia gharama ya karatasi, na hapa palikuwa na karatasi nzuri, yenye rangi na alama za usalama, iliyokuwa rahisi kuliko karatasi tupu. Mpita njia angeweza kuigusa. Makala yenye takwimu za mfumuko wa bei ingeweza kubishiwa na msemaji wa serikali, lakini noti haibishiwi, kwa kuwa ilichapwa na serikali yenyewe na kutiwa sahihi na gavana wa benki kuu. Tangazo la gazeti lilikuwa limetimiza kazi ya gazeti, yaani kuleta ushahidi. Katika tamasha la Cannes la mwaka huo lilipata tuzo kuu ya matangazo ya nje.

Tuzo, hata hivyo, hutolewa na watunzi wa matangazo kwa watunzi wa matangazo, na gazeti halilipi mishahara kwa makombe. Mwezi Agosti 1927, Westminster Gazette la London lilianza kumtuma mtu aliyepewa jina la Lobby Lud, lililotokana na anwani yake ya simu za maandishi, azunguke katika miji ya pwani wakati wa likizo. Ambaye angemtambua kutokana na maelezo yaliyochapishwa, akamkabili akiwa ameshika nakala ya gazeti, na kutamka neno kwa neno kwamba wewe ndiwe Bwana Lobby Lud nami ninaidai zawadi ya Westminster Gazette, angepata pauni 50. Mtu anaweza kuwawazia mabwana wangapi wasio na hatia waliosimamishwa ufukweni na watu wasiowajua. Mchezo ulipendwa mno, lakini Januari 1928 haijaisha gazeti likawa limekwisha, limeunganishwa na jingine, na Lobby Lud akahamia kwa mwajiri mpya. The Independent lililouliza "wewe je?" liliacha kuchapishwa kwenye karatasi Machi 2016.

Kisa ninachokirudia mara nyingi zaidi ni cha Philadelphia. Gazeti la jioni la mji huo, The Bulletin, lilikuwa na kaulimbiu isiyojidai: mjini Philadelphia, karibu kila mtu husoma The Bulletin. Nguvu yote imo katika neno "karibu", ambalo mhariri mwangalifu hulitia ili asikamatwe kwa uongo, na ambalo hapa limegeuka kuwa mlango wa kichekesho, kwa sababu linazaa swali: ni nani huyo asiyesoma? Mchora katuni Richard Decker alilijibu kwa miaka mingi, katika matangazo yaliyochapishwa katika majarida likiwamo The New Yorker. Kila mara ni mandhari mpya na hali ile ile. Umati wote umezama ndani ya gazeti, vichwa vimeinama, huku jambo la ajabu au la hatari likitokea mbele yao, na mtu mmoja tu, asiye na gazeti, anahangaika na kupiga kelele ili wamsikie. Ni kejeli inayomgonga mwenye gazeti pia, kwa kuwa mwenye macho pale ni yule asiyesoma.

Katika miaka ya 1940 The Bulletin liliwahi kuuza zaidi ya nakala 700,000 kwa siku. Kisha watu walihamia vitongojini, magari ya kusambaza magazeti yakakwama katika msongamano wa alasiri, na televisheni ikaanza kuwapa habari za siku hiyo hiyo wakiwa wameketi mezani kwa chakula cha jioni. Toleo la mwisho lilitoka tarehe 29 Januari 1982, baada ya miaka 134. Hakuna aliyeihitaji tena kaulimbiu, na neno moja ndani yake lilikuwa limekwisha kubadilisha upande: yule mtu wa kwenye katuni za Decker, asiye na gazeti mkononi, sasa alikuwa karibu kila mtu.